Nimeitwa kwenye mahojiano ya udaktari, lakini majibu niliyopewa si yangu

Mama Dokta, jambo sana.

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, pamoja na wazazi na wadogo zangu wanne. Nilipata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka jana, sehemu ya Biolojia na Kemia, asilimia 71. Tangu hapo niko nyumbani, namsaidia mama kuuza unga na makaa.

Miezi miwili iliyopita nilituma maombi kwenye chuo kimoja cha udaktari cha nje ya nchi. Kinafundisha kwa Kifaransa na kinatoa ufadhili kwa wanafunzi wachache. Juma lililopita walinijibu: karatasi zangu zimepita, sasa naitwa kwenye mahojiano kwa njia ya video. Zimebaki siku 16. Kwanza nitakuwa mbele ya watu watatu kwa dakika 20. Halafu kuna kitu wanachoita vituo. Vituo viko sita, kila kimoja kina mtu wake na dakika nane, na kabla ya kuanza napewa dakika mbili za kusoma swali. Barua inasema naanza saa 9:30 GMT. Papa amekwisha kuomba ruhusa kazini ili hiyo saa tatu na nusu asubuhi awe nyumbani kusimamia jenereta.

Mjomba wangu, ndiye aliyelipa pesa za maombi, alitafuta mtu anayejua mambo haya. Mtu huyo ameniandikia kurasa 14 za majibu kwa Kifaransa kizuri sana, kwa dola 40. Natakiwa kuzikariri. Jibu la kwa nini nataka udaktari linaanza "Depuis ma plus tendre enfance", yaani tangu utoto wangu, kisha linasema nilikuwa nikiwafunga bandeji wanasesere wangu. Mimi sikuwahi kuwa na wanasesere. Jumapili mjomba alinisimamisha sebuleni nijaribu mbele ya familia. Nilifika ukurasa wa pili nikakwama, nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Mjomba hakukasirika. Aliniuliza tu, "Lakini wewe mwenyewe, kwa nini?" Nikaanza kulia, nikatoka nje.

Nililia kwa sababu ya mdogo wangu. Ana miaka 13 na ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu. Mama akiwa na mtoto mchanga, mimi ndiye niliyekuwa nalala naye hospitali, kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Nimemkanda miguu usiku, nimezunguka kutafuta watu wa kumtolea damu, nimehesabu matone ya serumu, yale maji ya kutundikiwa, ili muuguzi apumzike kidogo. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, walikataa kumtundikia damu mpaka pesa zionekane. Papa alifika nazo saa kumi alfajiri. Siwezi kulisimulia hilo bila kulia, na marafiki wananiambia madaktari hawachagui mtu anayelia.

Kuna jambo jingine. Mwaka huohuo, wa tatu wa sekondari, mmoja kabla ya diploma, nilipata asilimia 52. Wataiona kwenye vyeti vyangu. Yule mwandishi wa majibu anasema niseme kwamba mwalimu alikuwa na chuki nami.

Na Papa anataka niape mbele yao kuwa nitarudi kufungua hospitali Katuba. Mimi kwa sasa najua tu kwamba nataka kusoma.

Mama Dokta, nikariri au nisikariri? Nikilia itakuwaje? Na mjomba nimwambie nini, maana pesa zake zimekwisha kutoka?

Binti wa Katuba

*

Binti yangu,

Nianze na saa, maana hilo haliwezi kungoja. Saa 9:30 GMT si saa tatu na nusu ya Lubumbashi. Sisi tumetangulia GMT kwa saa mbili, kwa hiyo wao wakisema 9:30, kwetu ni 11:30, yaani saa tano na nusu. Wala usimuulize ndugu aliyeko Kinshasa, kwa sababu huko watakuambia saa nne na nusu, na kwao itakuwa kweli. Papa yako abadilishe ruhusa yake leo. Wewe waandikie chuo mistari miwili ya kuthibitisha, utaje saa zote mbili, ya GMT na ya hapa. Mngewasha jenereta saa tatu na nusu, mngekaa saa mbili mbele ya skrini tupu mkidhani wamekusahau, na wao wanapopiga mafuta yanakaribia kwisha na wewe moyo umekwisha kuchoka.

Umeme wa SNEL huko Katuba mnaujua wenyewe, sina la kuongeza. Jenereta ikae mbali na dirisha ili isimeze sauti yako. Chaji simu mbili usiku wa kuamkia siku hiyo, ununue intaneti ya mitandao miwili tofauti. Simu iegemeze juu ya vitabu mpaka kamera ilingane na macho yako, na mwanga ukujie usoni. Wadogo zako wapelekwe kwa jirani.

Sasa zile kurasa 14. Usizikariri.

Nimekaa upande wa pili wa meza ile, nikisaidia kuchagua vijana. Asubuhi moja vijana wanne walituanzia na sentensi hiyohiyo ya "tangu utoto wangu". Kwa wa nne, mwenzangu aliweka kalamu chini. Hakuiokota tena mpaka kijana yule alipotoka. Huenda alikuwa na mambo yake ya kweli ya kutuambia, mambo ambayo yangetufanya tumsikilize, na mpaka leo inaniuma kwamba hatukuyajua. Aliyemwandikia maneno yale alimnyima nafasi yake.

Tena jibu la kukariri linakufa kwenye swali la pili. Watu hawa hawaulizi swali moja na kupita. Ukisema wanasesere, watauliza wanasesere gani, ulijifunzia wapi kufunga bandeji, nani alikuona. Utarudi mwanzo wa ukurasa kama ulivyorudi sebuleni kwenu, ila mbele yao huwezi kutoka nje.

Nilipopata barua yako nilikuandikia swali moja kuhusu yale matone ya serumu, kwa sababu uliyataja kwa maneno machache tu kisha ukaendelea. Ukanijibu kwa urefu, na wasomaji wangu nao wanapaswa kulisikia jibu hilo. Muuguzi alikuwa peke yake wodini. Alikuonyesha kwamba kwa mpira ule, matone 20 ni mililita moja. Chupa ya mililita 500 ilitundikwa saa tatu usiku, nawe ukahesabu matone 20 kwa dakika ukitazama saa ya simu. Ukapiga hesabu kichwani: mililita moja kila dakika, chupa itaisha baada ya dakika 500, ambazo ni saa 8 na dakika 20. Ukamwambia muuguzi utamwamsha saa kumi na moja na dakika 20. Katikati ya usiku mdogo wako alikunja mkono usingizini. Ukahesabu tena: matone 11. Ukamnyoosha mkono taratibu, ukahesabu: bado 11. Ndipo ulipokwenda kumwita muuguzi, akakuta sindano imetoka kwenye mshipa na mkono umeanza kuvimba.

Soma tena maneno yako hayo. Umemtazama mgonjwa, umepima, umekadiria, umeona mabadiliko, umejaribu kuyarekebisha, na ulipofika mwisho wa uwezo wako ukamwita anayejua zaidi. Ulikuwa na miaka 16. Hakuna aliyekulipa wala kukusifu. Wakikuuliza kwa nini udaktari, anzia hapo, kwenye chupa ile na saa ile ya simu, kwa Kifaransa chako mwenyewe hata kama ni cha sentensi fupi fupi. Kisha waambie ulichotaka kujua usiku ule na hukuwa na wa kumuuliza. Uliniandikia kwamba ulijiuliza kwa nini mtu ambaye shida yake iko kwenye damu anatundikiwa maji. Swali hilo ni zuri sana, na jibu lake ulijue kabla ya siku hiyo: chembe nyekundu za mgonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mwili ukikaukiwa na maji, kujikunja huko huzidi. Ndiyo maana maumivu yakimshika tunahangaika na maji yake.

Ukiwa na mtoto wa SS nyumbani, watategemea uwe umesoma zaidi ya hapo. Jua hesabu ya kurithi: baba AS na mama AS, yaani kila mmoja amebeba nusu ya urithi wa ugonjwa bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na mimba iliyotangulia haipunguzi wala haiongezi nafasi ya inayofuata. Jua pia kuhusu dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwanzoni mwa 2019, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowahusisha watoto zaidi ya 600 wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda, na mtafiti wa kwanza kutajwa ni Léon Tshilolo, daktari wetu wa Kinshasa. Watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, waliongezewa damu mara chache zaidi, hata malaria na vifo vilipungua. Sikupi jambo hili ulitangaze kama redio. Nakupa kwa sababu siku moja mtu atakuuliza unachosoma nje ya shule, nawe utakuwa na kitu kinachokugusa.

Watakuuliza pia kwa nini usiwe muuguzi. Swali hili huwaangusha wengi, kwa sababu wanakimbilia kumshusha muuguzi ili kumpandisha daktari. Wewe umelala wodini, unajua nani alikuwa macho. Anza kwa kusema hivyo. Kisha eleza kinachokuvuta upande wa daktari: kutafuta ugonjwa wenyewe ni nini, kuamua tiba katikati ya mambo yasiyoeleweka vizuri, na kubeba uamuzi huo ukikosea. Kama ukijichunguza ukaona kinachokuvuta hasa ni kukaa na mgonjwa saa zote, basi fikiria uuguzi kwa moyo wote, nami nitafurahi vilevile.

Kuhusu vituo, usiogope jina. Utaratibu huu ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, huko Hamilton nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu ukasambaa duniani. Walikuwa wameona kwamba kumhoji mtu mara moja kunamweka mikononi mwa wahojaji wachache: usipowapendeza katika dakika mbili za kwanza, umekwisha. Kwa vituo, kila mtu anakutazama upya na kuandika alama zake bila kujua uliharibu wapi. Kwa hiyo ukikosea kituo cha pili, kiache hukohuko. Katikati kunywa maji, tazama nje kidogo, ndipo usome swali linalofuata. Dakika zile mbili za kusoma zitumie zote. Andika kwenye karatasi watu wote walio ndani ya kisa, hata wasiotajwa.

Nitakupa kisa kimoja tukipitie pamoja, maana hapa ndipo wengi hudhani kuna jibu moja lililofichwa. Mama amejifungua kwa upasuaji. Sasa ana siku 12, amepona, lakini hospitali haimwachi atoke kwa sababu familia haijalipa. Wewe ni daktari kijana wa zamu ya usiku. Mlinzi amekwenda kula. Mama anakuomba umfungulie mlango wa nyuma. Utafanya nini?

Kwanza hesabu watu. Yupo mama na mtoto wake. Yupo mume, labda anazunguka mjini kukopa. Yupo mlinzi, ambaye kesho deni hilo linaweza kukatwa kwenye mshahara wake. Wapo wauguzi, ambao kwetu hapa mara nyingi hulipwa kutokana na pesa hizohizo za wagonjwa. Yupo mgonjwa wa kesho, atakayekuta dawa zimekwisha. Ukiwataja hawa kwa sauti, anayekuhoji ataona kwamba unatazama chumba kizima.

Kisha jiulize usichokijua. Je, kidonda kimepona kweli, au anataka kukimbia kabla ya wakati? Mtoto ananyonya? Kuna aliyezungumza na familia kuhusu kulipa kidogo kidogo? Mkurugenzi anajua kwamba ni siku 12? Kuuliza maswali haya ni sehemu ya jibu, na kituo kizuri kitakujibu baadhi yake.

Vitabu vitakupa mambo manne ya kupimia: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote. Yajue, lakini usiyaimbe. Yatumie kama mpishi anavyotumia chumvi, isionekane kwenye sahani.

Halafu uamue. Wengi huishia kusema kuna pande mbili, wakanyamaza, na dakika nane zinapita. Mimi ningesema hivi: singemfungulia kwa siri, kwa sababu mlinzi ndiye angelipa na mimi ningekuwa nimejificha nyuma yake. Lakini pia singepita kana kwamba sikumsikia. Ningeandika kwenye faili lake usiku huohuo kwamba kiafya yuko tayari kutoka, na asubuhi ningekwenda naye kwa mkurugenzi kutafuta mkataba wa kulipa polepole, au mtu wa kanisa au wa mtaa wa kumdhamini. Nami ningesema wazi mbele ya mkurugenzi kwamba kumfungia mzazi kwa ajili ya deni ni vibaya. Wewe unaweza kufikia uamuzi mwingine. Wanachotaka kuona ni njia uliyopita mpaka ukafika hapo, na kama mwenzako akikupa hoja mpya unaweza kuipokea bila kukasirika.

Kisa kama hiki kitakurudisha kwenye usiku ule wa damu na pesa za Papa yako. Kitakuchoma. Una ruhusa ya kusema, kwa sentensi moja, kwamba umewahi kuwa upande wa familia inayongojewa ilipe, kisha urudi kwenye swali. Hospitali usiitaje, kama ulivyofanya kwenye barua yako. Umefanya vizuri.

Kituo kingine huwa cha kuigiza. Mtu anajifanya mgonjwa au mzazi, nawe unatakiwa kumpa habari mbaya. Hapa Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani, na kitakuponza mahali pamoja. Kifaransa hakina neno linalokaa mahali pa "pole". Désolé mara nyingi husikika kama unaomba msamaha, na msiba haukufanywa na wewe. Nimeona vijana wetu wakilitafuta neno hilo, wakalikosa, wakajaza pengo kwa maelezo ya kitabuni huku mwenzao analia. Fanya zoezi na mama yako. Kwanza kwa Kiswahili: mpe habari, useme pole, halafu unyamaze mpaka yeye aongee. Kisha rudia kwa Kifaransa, na pale ulipoweka pole, weka ukimya uleule, halafu mwambie unachokiona usoni mwake na umuulize angependa kujua nini kwanza. Mama yako hata asipoelewa kila neno la Kifaransa, atakuambia kama alijisikia ameachwa peke yake.

Wakikuuliza tatizo la afya la mji wako, usikimbilie malaria kwa sababu ndiyo rahisi. Lubumbashi ni mji wa migodi. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanywa hapahapa, ukaonyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi za migodi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa na kasoro za mwili. Watu wa Katuba wana mengi ya kusema juu ya jambo hilo. Waulize majirani.

Ile asilimia 52 isikutese. Kumsingizia mwalimu usithubutu. Ni uongo, na hata ungekuwa ukweli ungekufanya uonekane mtu asiyebeba mzigo wake. Sema: "Mwaka ule mdogo wangu alilazwa mara kwa mara na mimi ndiye niliyelala naye, nikakosa masomo. Sikumwambia mwalimu yeyote, na hapo nilikosea. Mwaka uliofuata niliomba madaftari ya wenzangu, nikasoma wodini, nikapata 71." Ukifika hapo nyamaza. Kutoka 52 mpaka 71 ndani ya mwaka mmoja ni habari njema, waache waione wenyewe.

Kiapo cha Papa yako usikiape. Namwelewa, anataka mtaa wake upone. Lakini hawa wamesikia ahadi nyingi za hospitali, na wewe unamheshimu Papa yako kiasi cha kutotaka kuahidi kwa jina lake usichokijua. Waambie unataka kuwatibu watoto wa SS na kwamba unawafikiria wa hapa kwanza. Mweleze Papa maneno hayo kabla ya siku yenyewe, asije akayasikia mara ya kwanza akiwa nyuma ya mlango.

Mjomba wako mimi nampenda bila kumwona. Katika habari yote uliyonisimulia, swali zuri kuliko yote ni lake: lakini wewe mwenyewe, kwa nini? Nenda kwake na kurasa zile mkononi. Mshukuru kwa pesa alizotoa, na umwambie maswali yaliyomo yanafaa, ila majibu utayatoa wewe. Kisha umwombe awe mhojaji wako. Kila jioni, maswali mawili, dakika nane kila moja kwa saa ya simu, na akukatize katikati kama watakavyokukatiza wao. Akubadilishie maswali bila kukuonya. Mara mbili tatu fanyeni kwa simu ya video, yeye akiwa nyumbani kwake, ili uzoee kuzungumza na uso ulio kwenye kioo. Dola zake 40 zitakuwa zimefanya kazi.

Sasa kulia. Marafiki zako wamekosea. Nimemwona kijana akitokwa na machozi katikati ya jibu, akaomba nusu dakika, akapangusa uso, akamaliza sentensi yake. Tulimchagua. Kinachowapa watu shaka ni mtu kuzama ndani ya huzuni asiweze kurudi, kwa sababu wodini kuna wagonjwa wengine wanaomngoja. Kwa hiyo chagua leo ni usiku upi utausimulia. Usiku wa damu ni wako na familia yako, huna deni la kumpa mgeni yeyote. Usiku wa serumu unaweza kuusimulia ukiwa umesimama imara, maana usiku ule ulikuwa na kazi mikononi. Usimulie kwa mjomba, kwa mama, kwa rafiki mmoja, mpaka sauti ishike njia yake. Machozi yakija, sema "nipeni kidogo", unywe maji, uendelee ulipoishia.

Nimebakiwa na jambo moja, na si dogo. Habari hii yote ni ya mdogo wako. Ugonjwa ni wake, mkono uliovimba ni wake, nawe unakwenda kuusimulia kwa watu asiowajua. Ana miaka 13, anaelewa. Wengine wa umri wake hawataki hata darasa lao lijue kwamba wao ni SS. Keti naye leo jioni, mwambie unachotaka kusema na ni akina nani watakaosikia, umuulize kama anakubali, na kama kuna sehemu asiyoitaka. Asikilize hata jibu lako zima akipenda, yeye alikuwepo. Akikataa, liheshimu neno lake bila kumbembeleza, uniandikie mara moja, siku zilizobaki zinatutosha kutafuta kingine.